Vibano Kumi na Kimoja

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, ikaikuta saa ya ukutani ya mwalimu mkuu iko wazi mezani, matumbo nje. Nimeifunika kwa sufuria. Daftari hili lilikuwa la kuandikia saa za wateja, lakini wateja wamepungua tangu kila mtu aanze kusoma saa kwenye simu, na kurasa nyeupe zinanitazama bure. Nitaziandika msimu huu. Nina sababu.

Katibu wa chama cha ngumi, yule tunayemwita Kanuni kwa kuwa hawezi hata kukukaribisha chai bila kutaja kifungu, amebandika orodha ya mabondia wa ligi ya msimu wa mvua. Wanawake, uzito wa kilo hamsini na saba, jina la tatu kutoka juu ni la binti yangu. Nimelisoma mara mbili, nikajifanya natafuta miwani.

Mimi ndiye mtunza saa wa ligi hiyo. Huu ni mwaka wa nne napiga kengele. Stopwochi yao iliharibika, wakaniletea niitengeneze, na Kanuni aliponiona naijaribu bila kuitazama akaniuliza kama naweza kukaa mezani Jumamosi moja tu. Sekunde naijua kwa mifupa. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi saa kwenye kibanda hikihiki, alinifundisha kuzihesabu kwa vibano, vile tunavyoshikia vyuma vidogo: kibano kimoja, vibano viwili, vibano vitatu, bila haraka na bila kuburura. Nami nimemfundisha mtu mmoja tu maishani mwangu, alipokuwa na miaka mitano, akiwa amekaa kwenye kigoda cha babu yake miguu ikining'inia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mteja mmoja, betri.

Alhamisi, 7 Machi

Dada yangu amepita akitoka sokoni. Hakukaa. Dada hakai kwangu, husimama mlangoni na mwavuli wake unatiririka kwenye sakafu yangu.

"Umeiona orodha?"

"Nimeiona, dada."

"Na utapiga kengele?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako!" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kulea mimba si kazi, mdogo wangu, kazi ni kulea mwana. Wewe umelea saa za watu."

Niandike mara moja, nimalizane nalo. Binti yangu alikuwa na miaka sita nilipomwacha kwa dada. Kulikuwa na mwanaume katika mji mwingine, aliyesema tuanze wawili kwanza, mtoto atafuata tukishakaa sawa. Miezi mitatu, alisema. Nami nikamwambia mtoto miezi mitatu. Ikawa miaka minane. Mwanaume yule hakukaa sawa hata siku moja, nami nilikuwa naona haya kurudi mikono mitupu, na haya ikazaa haya. Niliporudi nilikuta msichana wa miaka kumi na minne amenizidi kimo, anamwita dada yangu Mama.

Ana adabu, hilo siwezi kumnyima dada. Kila tukikutana njiani ananiamkia. Shikamoo. Namwitikia marahaba, ananipita. Miaka sita sasa naishi kwa shikamoo.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi mabondia walipimwa uzito ukumbini, mmoja mmoja juu ya mizani, gramu mia zikizidi unarudishwa ukaruke kamba utoe jasho. Daktari akawaangalia macho, mikono, mapigo ya moyo. Kisha zamu ikawa yetu, maofisa. Kabla ya mapambano kila jaji, refa na mtunza saa hutia saini fomu ya Kanuni: Sina undugu na bondia yeyote anayepigana leo. Mwenye undugu hukaa pembeni, mwingine akashika nafasi yake.

Binti anatumia jina la ukoo wa baba yake. Hakuna anayejua pale isipokuwa yeye na dada. Nikapiga moyo konde, nikatia saini.

Kutoka kitini kwangu hadi kona nyekundu, kona yake, ni hatua nne. Sijawahi kukaa hatua nne kutoka kwake tangu akiwa na meno ya utotoni. Nikaona kovu la gotini, lile alilopata alipoanguka kwenye ngazi za kibanda hiki. Nikaona jinsi anavyouma kinga ya meno na kupandisha mabega kabla ya kuanza, kama baba yangu alipokuwa anafungua saa ngumu. Raundi tatu, dakika tatu kila moja, dakika moja ya kupumzika katikati. Dakika tisa kwa jumla namtazama kwa haki, kwa kuwa nimeajiriwa nitazame. Majaji wote watano walimpa yeye.

Kuna jambo nimeliona. Mapumziko yakibakiza sekunde kumi, huwa nagonga zile mbao tatu za onyo ili wasaidizi watoke ulingoni na bondia asimame. Yeye nilimkuta amesimama tayari, mara zote mbili, pumzi moja kabla ya mkono wangu kushuka. Watu wa kona yake wanadhani ana kiherehere. Mimi nadhani anahesabu.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuwa kwenye ratiba. Mapambano sita. Sikumbuki hata moja.

Jumanne, 19 Machi

Mvua imenyesha siku nne mfululizo na bisibisi zangu zinaanza kutu. Dada alikuja, na leo alikaa. Nafikiri ni magoti.

Nilimwambia jambo ambalo limenikaa kooni miaka sita, kwamba yeye ndiye aliyemfunza mtoto kunichukia. Nilitegemea anipige kwa mwavuli. Aliweka kikombe chini polepole.

"Unaikumbuka saa ya baba?" akauliza.

Naikumbuka. Saa ya mkono, ya kujaza kwa kuzungusha kifungo cha pembeni kila siku. Asubuhi niliyoondoka niliivua nikamvalisha mtoto, ikamfika hadi kiwiko. Nikamwambia, ijaze kila asubuhi, na kabla haijasimama nitakuwa nimerudi. Niliona ni maneno matamu ya kumnyamazishia kilio.

"Aliijaza miaka mitano," akasema dada. "Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki. Akiugua, ananiita mimi niijaze mbele yake aone. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia mama yako atakuja, mama yako ana shida huko aliko, usimlaumu. Hadi nikachoka kusema uongo. Siku moja ana miaka kumi na mmoja akaiweka kwenye kopo akalifunika. Nikamuuliza, vipi? Akasema, imechoka."

Miaka sita nimemwonea dada yangu. Nimemwomba radhi, akasema nimimine chai, imepoa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeota saa inasimama. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 30 Machi

Robo fainali. Paa la ukumbi ni la mabati, na leo mvua ilianguka kama mawe. Mwisho wa raundi ya kwanza nilipiga kengele na sikuisikia mwenyewe. Refa hakuisikia. Bondia wa kona ya buluu hakuisikia, akaendelea kurusha. Ukumbi mzima, watu mia mbili, ni mmoja tu aliyeteremsha mikono wakati uleule kengele ilipolia, akageuka kwenda kukaa. Akapigwa ngumi ya sikio kwa sababu ya uaminifu wake.

Refa aliponiona napunga mikono akamzuia yule wa buluu na kumwonya. Kanuni alikuja mezani akikimbia, miwani ina ukungu. Tangu sasa, akasema, mvua ikizidi kengele, mtunza saa atagonga pia ubao wa ulingo kwa nyundo ya mbao. Akaandika papo hapo, akatia namba ya kifungu. Nilicheka kwa sauti, akanitazama kama nimetukana.

Binti alishinda, majaji wanne kwa mmoja. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi mifupani, na sijui nafurahia nini. Kengele haikusikika, naye aliisikia. Vibano vyangu bado vimo kichwani mwake.

Jumatano, 3 Aprili

Nimekutana naye kwa muuza viatu. Shikamoo. Marahaba. Nilitaka kumuuliza sikio linaendeleaje. Nikamuuliza muuza viatu bei ya kamba.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimenawa mikono mara tatu. Niandike kama ilivyokuwa.

Nusu fainali. Mpinzani wake ni mwanamke anayeuza mitungi ya gesi, anaibeba mwenyewe begani ngazi kwa ngazi, na ana mikono ya kazi hiyo. Raundi ya kwanza binti aliichukua kwa miguu, anaingia, anagusa, anatoka. Ya pili ikawa sawa. Ya tatu, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde kumi, ngumi ya kulia ya muuza gesi ilipita juu ya mkono wake ikamkuta kwenye taya.

Alianguka upande wa kona yake mwenyewe, ubavu chini, uso umeelekea meza yangu. Macho wazi.

Refa alimwelekeza muuza gesi kwenye kona tupu, kisha akanigeukia mimi. Watu wengi hawajui kwamba hesabu ile si ya refa. Refa ana sauti na vidole tu. Sekunde ni za mtunza saa. Mimi nagonga ubao, yeye anainua kidole na kutamka. Ikifika kumi kabla bondia hajainuka, basi, pambano limekwisha, na daktari humfungia siku thelathini asiguse glovu.

Nikagonga moja. Mbili. Tatu. Hizo zilikuwa za haki, naapa. Kwenye nne nikaona midomo yake inacheza. Nikadhani ananiita. Mungu anisamehe, nilidhani mtoto amelala sakafuni ananiita, kama alivyoniita asubuhi ile nikiwa nimeshapanda gari na sikushuka. Mkono wangu ukakataa. Sikupanga. Nyundo ilikuwa juu na haikushuka ilipopaswa kushuka. Nikagonga tano nikiwa nimechelewa. Sita nikaiburura. Saba, nane, sikumbuki nimezigonga vipi. Mvua ilikuwa kubwa, watu wanapiga kelele, nani angepima. Refa aliinua kidole cha tisa na binti akasimama.

Stopwochi ilikuwa mkono wa kushoto. Mshale ulikuwa umepita kumi na moja.

Refa akamfuta glovu kwa shati lake, akamtazama macho, akasema endeleeni. Binti alipigana dakika ile iliyobaki kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu anapigana, kwa hasira, bila miguu, kifua wazi. Majaji watatu kwa wawili. Refa akainua mkono wake. Ukumbi ulisimama wote.

Yeye hakuutazama ukumbi. Alinitazama mimi, na hayakuwa macho ya mtu aliyeshinda.

Jumapili, 14 Aprili

Sikulala vizuri. Najiambia ni sekunde mbili tu. Fundi saa anajiambia ni sekunde mbili tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Amekuja kibandani.

Nilikuwa nimeshaanza kazi mezani, hata ubao wa tangazo sijautoa nje. Akaingia na jicho limevimba upande mmoja, akasimama mbele ya meza. Miaka sita hajavuka kizingiti hiki.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nikasubiri apite, kwa mazoea. Hakupita.

"Nilihesabu vibano kumi na kimoja," akasema. "Refa alikuwa kwenye tisa."

Kulikuwa na skrubu kwenye ncha ya kibano changu. Ilianguka na bado sijaipata.

"Hakuna aliyeona," nikasema. Katika maisha yangu nimesema mengi ya kipumbavu, lakini hilo linaongoza.

"Mimi niliona."

"Ulikuwa umeanguka, mwanangu, ulikuwa—"

"Usiniite hivyo leo." Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Unajua kocha anatufundisha nini? Ukianguka, usikurupuke. Pumzika chini hadi nane, kisha simama. Refa hata ukisimama mapema atakuhesabia hadi nane, kwa hiyo tumia muda wako. Mimi nilikuwa nasubiri nane. Nikahesabu mwenyewe, nikafika vibano vinane, nikatazama vidole vya refa, viko sita. Nikasema basi akili yangu imevurugika, ngumi imenipanda kichwani. Vibano ndiyo kitu pekee ambacho sijawahi kukikosea tangu nikiwa mdogo. Wewe ndiye uliyenifanya nisijiamini."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu.

"Ningeinuka kwenye nane," akasema. "Au labda nisingeinuka. Sitajua kamwe. Umekichukua hicho."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nilipokuwa na miaka sita nilisubiri unisaidie. Sikukuona. Sasa nimeanguka mahali pekee duniani ambapo mtu anatakiwa aachwe ainuke mwenyewe, ndipo unakuja?"

Mvua ikaanza. Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Mimi nikienda kusema, watasema nimechanganyikiwa na kipigo. Stopwochi ilikuwa mkononi mwako." Akafungua mlango. "Siwezi kuingia fainali kwa mlango uliofunguliwa na wewe."

Akaondoka. Alikaa dakika sita na nusu. Ni aibu kuandika hili, lakini nitaandika: katikati ya uchungu wote ule, kuna sehemu yangu iliyokuwa inafurahi kwamba anazungumza nami.

Jumanne, 16 Aprili

Nikisema, hatafika fainali na mimi sitakaa tena hatua nne kutoka kwake. Nikinyamaza, atafika, nami nitakuwa nimemwacha mara ya pili. Dada alisema, "Unaniuliza nini na jibu unalo?" Akanichukua mkono, akaurudisha mapajani pangu kama mzigo.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Kanuni. Ofisi yake ni chumba nyuma ya ukumbi, meza, mizani, glovu zimening'inizwa zikauke, harufu ya jasho la miaka kumi. Nilimweleza yote: sekunde mbili, saini ya uongo, undugu wetu. Nilitarajia kitabu cha kanuni kitoke mfukoni kabla sijamaliza. Hakikutoka.

"Fundi," akasema, "muda wa pingamizi ni nusu saa baada ya pambano. Zimepita siku nne. Kona ya buluu haikulalamika. Ukinyamaza, hakuna kifungu kinachonilazimisha kujua."

"Katibu, wewe ndiye unaniambia ninyamaze?"

"Nakuambia kilichoandikwa." Akavua miwani, akaifuta. "Sasa niambie unachotaka wewe."

Nikamwambia. Akavaa miwani, akachukua kalamu. "Basi anza na tarehe," akasema, na mwandiko wake ulikuwa wa taratibu kuliko siku zote.

Jumamosi, 20 Aprili

Kamati ilikaa kabla ya mapambano. Refa, wenyeviti wawili, daktari, makocha wa pande zote. Binti alisimama nyuma, mgongo ukutani. Kocha wa buluu alitaka ushindi apewe bondia wake moja kwa moja, na sikumlaumu. Kamati ikasema hakuna ushahidi ila neno la mtunza saa aliyekiri kwamba ni mwongo, na ikaanza kuzungukazunguka. Ndipo binti akasema kutoka ukutani, "Nataka turudie." Muuza gesi naye akasema, "Hata mimi. Nitamwangusha tena." Watu wakacheka, hata binti alicheka.

Uamuzi: pambano lirudiwe Jumamosi ijayo. Mtunza saa amefutiwa leseni. Nimekabidhi stopwochi, nyundo na mbao tatu. Kengele ni mali ya chama, ilikuwa ukumbini tayari.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeipata ile skrubu. Ilikuwa kwenye kiatu changu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikwenda na dada. Nilidhani tutasimama nyuma karibu na mlango, mahali pa wenye aibu, lakini Kanuni alitujia na viti viwili vya plastiki kichwani akikinga mvua, akaviweka safu ya tatu, mkabala na kona nyekundu.

"Katibu, naruhusiwa?"

"Kanuni haimkatazi mama kukaa kitini," akasema, akaenda zake.

Mezani alikaa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mkavu, hatazami ulingo, anatazama mshale. Nilimwonea wivu na nilimshukuru.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya binti. Raundi ya pili, mvua ikashuka yote kwa pamoja juu ya mabati, ukumbi ukawa na midomo inayofunguka bila sauti. Ngumi ileile, ya kulia, juu ya mkono. Akaanguka.

Dada alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Sikusikia nyundo ya mwalimu, niliona tu mkono wake unashuka na kidole cha refa kinapanda. Nikahesabu kifuani. Kibano kimoja. Vibano viwili. Nilitamani viwe virefu. Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Nilitamani kila kimoja kiwe na mchana mzima ndani yake. Lakini nilivihesabu kama baba alivyonifundisha, na vilikwenda sawa na mkono wa mwalimu, hatua kwa hatua. Midomo ya binti ilikuwa inacheza. Vibano vitano, goti moja chini. Vibano sita, bado goti. Vibano saba, hakukurupuka. Kwenye vinane akasimama wima, mikono juu, mbele ya kidole cha nane cha refa.

Hakunitazama. Nilikuwa nimemwomba Mungu asinitazame.

Raundi ya tatu walipigana hadi kengele. Majaji watatu kwa wawili, na refa akainua mkono wa buluu. Binti akamkumbatia muuza gesi, akaenda kumpa mkono kocha wa upande ule kama desturi inavyotaka, akateremka. Dada alikuwa analia wazi, kamasi na yote. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekwama kwenye vibano vinane.

Jumamosi, 4 Mei

Fainali. Sikwenda. Nasikia muuza gesi ameshinda.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imekatika. Nimetoa kila kitu nje kianikwe, pamoja na hili daftari.

Jumanne, 7 Mei

Saa tatu asubuhi mwanga wa mlangoni ukazibwa. Nikainua kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Jicho limepona. Aliweka kopo mezani, kopo la zamani la majani ya chai, mfuniko umeshika kutu. Akaufungua kwa kucha. Ndani, juu ya kitambaa, saa ya baba.

"Haitembei," akasema.

Niliichukua. Nilifungua mgongo wake. Hakuna kilichovunjika. Springi nzima, magurudumu mazima. Imesimama kwa kuwa hakuna aliyeijaza, na mafuta yamekauka kwa miaka tisa ya kopo.

"Nilishindwa," akasema, akiwa anatazama saa za ukutani.

"Niliona."

"Lakini niliinuka kwenye nane."

"Niliona pia."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata risiti yake. "Itachukua muda gani?"

Mafundi tuna maneno mawili ambayo yametulisha tangu ufundi uanze: njoo kesho. Ningemwambia njoo Alhamisi. Alhamisi ningemwambia kuna kipuri kinasubiriwa. Ningeweza kumrudisha mlangoni pangu mwaka mzima kwa saa isiyo na ubovu, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

"Haina ubovu," nikasema. "Nikiijaza sasa hivi itatembea, lakini mafuta yamekauka, itasimama tena baada ya siku chache. Kuifungua yote, kuisafisha na kuitia mafuta ni saa moja na nusu."

Alifikiri. Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua kutoka barazani, ufagio unakwenda na kurudi.

"Ifungue yote," akasema.

"Utaipitia jioni?"

Akakivuta kigoda cha babu yake kutoka chini ya meza, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakaa. Magoti yalimfika kifuani.

"Nitasubiri," akasema mwanangu.

Ilichukua saa moja na dakika thelathini na nne. Sikuburura hata sekunde moja.